Kizibao cha Mpishi wa Zuzu

Kisiwani kwetu Garwol ukiuliza Pilrye anakaa wapi, watakuuliza Pilrye yupi. Ulizia Mama Chilsung wa kalafati. Hapo hata mtoto mdogo atakunyooshea kidole, tena atakuonya upige hodi kwa adabu. Mwanamke mfupi, mabega ya mpagazi, ulimi mkali kuliko kimchi yake, ile kabichi ya pilipili. Hakuzaliwa hivyo. Walimfanya hivyo, na waliomfanya nawajua, ila wengi wamekwisha kufa na maiti hasutwi.

Kalafati alifundishwa na baba yake, ambaye alingoja mtoto wa kiume hadi akachoka kungoja. Magome ya mti hupondwapondwa mpaka yawe laini kama pamba, yakasokotwa, kisha yakapigiliwa kwa patasi butu kwenye nyufa za ubao na ubao, maji yasipate njia. Sisi huita chakula cha mashua. Mashua isiyolishwa hunywa maji, na ikishaanza kunywa haijui kutosheka.

Chakula hicho kina mwiko wake. Kalafati kuukuu ikishachokolewa haitupwi baharini, wala haiwekwi. Huchomwa siku hiyohiyo chini ya tumbo la mashua yenyewe, moshi ukapanda kwenye mbao ukaua wadudu, na jivu likachukuliwa na maji yanapojaa. Ukiweka mabaki ya mashua ndani ya nyumba unaikaribishia njaa bandari nzima. Hilo Pilrye alilirithi kwa baba yake pamoja na nyundo, na hakuna aliyewahi kumwona akilivunja.

Mumewe aliitwa Gwidong, mpishi kwenye mashua za uduvi. Mashua hizo vijana wa leo hawazijui. Zilikuwa pana, nzito, hazina injini, hazina tanga. Baridi ikiisha zilikokotwa hadi kwenye mkondo, zikatiwa nanga kubwa ya mti, zikaachwa huko na watu wake mpaka majani ya milimani yageuke rangi. Mkondo ulileta uduvi wavuni, wao wakavua, wakatia chumvi, wakalala, wakaamka, nchi kavu wakaiona kwa macho tu. Kwa kuwa hazikuweza kwenda popote kwa akili zao, watu wakaziita mazuzu. Mabaharia walikuwa watu wa bara waliookotwa kwenye vituo vya treni kwa ahadi tamu, wengi hata kuogelea hawajui. Kwenye Zuzu ya mzee Bong, tajiri wa mashua, mtu wa Garwol alikuwa Gwidong peke yake. Wale watano aliowapikia, kisiwani hakuna aliyewajua kwa majina yao kamili.

Ikaja dhoruba. Chilsung, mwana wao wa pekee, alikuwa bado ana meno ya utotoni. Boti ya kukokota ingeweza kutumwa jana yake, lakini uduvi walikuwa wengi, na mzee Bong aliwapenda uduvi kuliko alivyompenda mtu. Hayo nasema mimi. Yeye alisema alituma. Upepo ulipotulia waliikuta Zuzu imekwama kwenye fungu la mchanga, kamba ya nanga imekatika, mashua nzima, mtu hata mmoja hamna. Mzee Bong akasimama gatini mbele ya watu wote, Pilrye akiwa amembeba mtoto mgongoni.

"Mashua hiyo hapo, imerudi yenyewe," akasema. "Wao wameruka kwa woga. Wangetulia ndani, saa hizi wangekuwa wanakunywa supu."

Maneno yale yakaganda. Kwa mtu wa pwani hakuna tusi zito kama kuambiwa uliikimbia mashua nzima. Shuleni watoto walipanda juu ya ukuta, wakimwona Chilsung anapita wanaziba pua, wanaruka. Eti mchezo. Chilsung alipoota ndevu alipanda feri akaenda mjini, na tangu hapo akawa mtu wa kupiga simu.

Mwili haukuonekana. Pilrye akamwita mganga aopoe roho. Bakuli la mchele hufungwa kwa kitambaa cheupe, likashushwa baharini kwa kamba, mganga akapiga ngoma na kumwita marehemu kwa jina. Likipandishwa na kufunguliwa, ukikuta unywele ndani ya mchele, basi roho imekuja, unaweza kumfanyia mtu wako kaburi. Pilrye aliita mara tatu, katika miaka mitatu. Mchele ulitoka vilevile ulivyoingia. Mara ya mwisho mganga, akikunja vitambaa vyake, akasema kuna wafu wengine huona haya kurudi nyumbani. Jamani, hayo ndiyo maneno ya kumwambia mjane?

Basi kila siku ya kumbukumbu ya kifo Pilrye alipika wali, samaki mkavu na mchuzi wa mwani, akaandaa, akainama kama inavyotakiwa. Akishainama anaanza. Kwa nini uliruka? Mashua ilikuwa nzima, ulikuwa na mtoto, uliruka kwenda wapi? Majirani walimsikia kupitia ukutani, mwaka baada ya mwaka, mpaka wakazoea. Kitu kimoja tu alikitaka hapa duniani: apate chochote cha yule mtu, hata ukucha, akizike kilimani, amseme pale kaburini mpaka amalize, kisha anyamaze.

Zuzu ilitelekezwa kwenye matope ya hori. Hakuna aliyekubali kuipanda tena, na baadaye mashua za aina ile zikapigwa marufuku, zikakatwa kuni. Ikabaki hiyo moja. Wakubwa wa wilaya wakaamka siku moja wakasema hiyo ni kumbukumbu ya bahari yetu, ikarabatiwe kama ilivyokuwa, ikawekwe kwenye jumba la makumbusho ng'ambo, watoto wapate kujua. Akatumwa binti mmoja wa makumbusho, Seora, mpole, viatu safi. Fundi akawa Dalsu, mzee aliyeunda nusu ya mashua za kisiwa hiki. Dalsu akamwambia yule binti kwamba bila Mama Chilsung yeye hapigi hata msumari, ila binti akamwombe mwenyewe, maana yeye Dalsu anaogopa kumwagiwa maji machafu.

Kila mtu alidhani Pilrye atakataa. Alikubali kabla Seora hajamaliza sentensi. Alitaka aingie ndani.

Siku ya kwanza alishuka peke yake kwenye ngama, walikokuwa wakilala mabaharia, akapekua kwa mikono. Jiko la chuma lililoliwa na kutu, sufuria iliyotoboka, tope. Kitu cha Gwidong hakukiona. Alipotoka alikuwa amekunja uso, akaomba ndoo, akanawa, akachukua kulabu lake akaanza kazi kama kwenye mashua nyingine yoyote.

Seora alikuwa amekuja na mifuko ya plastiki. Alitaka kalafati kuukuu iwekwe, kidogo kutoka kila ufa, ikachunguzwe. Pilrye akaweka kulabu chini.

"Kwenu mtu akitapika, mnayaweka kwenye mfuko?" akamuuliza.

Dalsu akacheka mpaka akakohoa. Pilrye akamweleza binti yule mwiko wote, tena kwa sauti ya juu ili wapita njia nao wasikie kwamba bado wapo wanaojua kazi. Seora akaona haya. Akafikiri kidogo, akasema kwamba basi, desturi nayo ni kumbukumbu, akakunja mifuko yake. Laiti angekuwa mbishi! Laiti siku ile mmoja tu angekuwa na kichwa kigumu kumshinda Mama Chilsung.

Wakaanza nje, wakamalizia ndani. Dalsu alibadilisha mataruma, zile mbavu za mashua, yaliyooza, Pilrye akachokoa nyufa. Kule ngamani kulikuwa na giza, na kilichotoka kilikuwa cheusi, kimelowa tope na mafuta ya sifa, huwezi kujua gome ni lipi na uchafu ni upi. Alikijaza kwenye karai, jioni akakipeleka chini ya tumbo la mashua akakichoma. Siku nyingine moto ulinuka kama plastiki, na kitu kikapasuka pa, pa, kama mahindi ya bisi.

"Mama Chilsung," Dalsu akatania, "Zuzu hii ililishwa viatu?"

"Bong alikuwa bahili," akajibu. "Angeilisha hata soksi za mkewe."

Wakacheka wote wawili. Maji yakajaa, yakazoa jivu.

Ufa wa mwisho ulikuwa nyuma ya jiko, mahali palipokauka kwa masizi. Pilrye alitia kulabu, akavuta, kikagoma. Gome huvunjika, hili lilinyumbuka. Akavuta taratibu, kikatoka kipande kirefu kilichokunjwa mara nyingi, kimeshindiliwa. Akaona uzi wa kijani.

Alitoka nacho nje, akakisuuza kwenye ndoo. Uzi ulikuwa nailoni ya kushonea nyavu. Gwidong alikuwa mtu wa kuchana nguo, hakuna shati lililomaliza msimu, na Pilrye kwa hasira akawa anamshonea kwa uzi wa nyavu, kila mishono mitatu anafunga fundo, afadhali achanike yeye kuliko nguo. Mwaka ule wa dhoruba alikuwa amemshonea kizibao cha pamba. Alichoshika mkononi kilikuwa ukosi wake na kipande cha kwapani.

Dalsu alimkuta amekaa kwenye tope, miguu ameinyoosha kama mtoto. Alikichukua, akakigeuza, akaingia ngamani akatazama ule ufa kwa tochi, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka hakuwa na utani.

"Kilipigiliwa kutoka ndani," akasema. "Na si kwa patasi. Kwa kitu cha mviringo, labda mpini wa upawa. Mashua ilikuwa inafumuka, wakavua nguo wakaiziba. Mtu anayetaka kuruka havui nguo akaziba mashua, Mama Chilsung. Hawa hawakuruka. Walipanda juu baadaye, kufua maji yaliyoingia au kushika kamba, sijui, bahari ikawachukua. Lakini waliiziba kwanza. Ndiyo maana iliweza kurudi."

 Pilrye alikuwa anatazama chini ya tumbo la mashua, palipokuwa na moto jana na juzi na siku zote zile. Pamelowa, pamelainika, hata alama ya moto hakuna.

"Vile vilivyopasuka," akasema, "vilikuwa vifungo."

"Hukujua."

"Ngama yote, Fundi. Nimewachoma wote. Na nikacheka."

 Pilrye akakikunja kile kipande, akakitia kifuani, akamwambia akimwambia mtu yeyote atamkatia salamu mpaka afe.

Siku hiyo akampigia simu mwanawe. Akamweleza yote, mpaka la moto.  Akamsikia Chilsung anavuta kamasi, mtu mzima mwenye watoto. Akasema atakuja Jumamosi, wamzike baba. Pilrye akapanda kilimani, akachagua mahali panapoitazama bahari, akabadili mawazo akachagua panapoipa kisogo. Akachimba mwenyewe.

Ingeishia hapo, ningesema Mungu mkubwa. Ijumaa akaja Mwenyekiti Bong, mwana wa yule mzee, ambaye ndiye aliyeitoa mashua kwa makumbusho. Si mtu mbaya. Ni mtu anayempenda baba yake tu, na mapenzi ya namna hiyo hayapendi kuulizwa maswali. Alikuja kuwasomea mafundi maneno yatakayoandikwa kwenye ubao mbele ya Zuzu. Yalisifu mbao, yakasifu uvuvi, yakamsifu mzee Bong. Mwishoni yakasema kwamba katika dhoruba kuu mabaharia waliikimbia kwa hofu, lakini mashua, imara kama ilivyoundwa, ikarudi yenyewe.

Pilrye akasema huo ni uongo. Dalsu naye akasema ni uongo, yuko tayari kuapa. Mwenyekiti akawasikiliza kwa heshima, mikono mbele.

"Mama Chilsung, baba yangu alikuwepo gatini, na nyote mlimsikia," akasema. "Nyinyi leo mna nini mkononi?"

Pilrye akaweka mkono kifuani, juu ya kile kipande, akakiacha humo humo. 

Seora alimvuta pembeni. Dalsu, maskini, alikuwa amekwisha kumdokezea habari ya nguo zilizochomwa. Akasema yeye anaamini kila neno, lakini ofisi yake haiwezi kuandika kwa kuamini. Neno la fundi kwa neno la mwenye mashua, litasimama la mwenye mashua. Panatakiwa kitu cha kushikika, kilichotoka kwenye ufa. Halafu akasema polepole, bila kulaumu, na bora angelaumu, "Tungebakiza hata mfuko mmoja, Bibi."

Jumamosi Chilsung alishuka kwenye feri akiwa na suti nyeusi na chupa ya soju, pombe ya kumtolea marehemu. Mara yake ya kwanza kukanyaga Garwol tangu ujana. Walipanda kilimani bila mazungumzo. Walipofika kwenye shimo Pilrye akakaa ukingoni, akakitoa kile kipande, akakilaza mapajani.

"Hatumziki," akasema.

Chilsung akamtazama. "Mama, shimo liko tayari. Miaka yote hii ulitaka nini kingine?"

"Nilitaka hiki. Nimekipata, na nikikifukia leo ubao ule utasimama miaka mia. Mimi na wewe tutajua, kisha tutakufa."

"Waache na ubao wao. Mimi nimerukiwa ukutani utoto mzima, sasa nataka kaburi la baba."

"Baba yako ana mke na mwana wa kumsemea," Pilrye akasema. "Wale watano hawana. Hatuwajui makwao. Walikuwa na nguo zao tu, na nguo zao nimezichoma mimi, kwa mkono huu, kwa sababu nilijifanya najua. Kilichobaki ni hiki kimoja. Acha kiwasemee wote."

Chilsung alilia kwa hasira, akampigia mama yake kelele pale kilimani, maneno ambayo sitayarudia. Pilrye alimwacha mpaka akachoka. Kisha wakalifukia shimo, tupu, yeye kwa jembe, mwana kwa mikono na suti yake. Jumatatu Pilrye alikitoa kile kipande mbele ya Mwenyekiti, akamkabidhi Seora kwa mikono miwili, akageuka akaenda kumalizia kalafati ya ule ufa wa nyuma ya jiko. Alitia magome mapya. Dalsu alisema hajawahi kumwona akipiga taratibu vile, tena mashua yenyewe haiendi majini tena.

Ubao ulibadilishwa. Mwenyekiti Bong hakubisha. Aliinamisha kichwa karibu kiguse magoti, akaenda zake, na nasikia mwaka ule hakusafisha kaburi la baba yake kama ilivyo desturi. Zuzu ilipakiwa kwenye jahazi la chuma, ikapelekwa ng'ambo, ikasimamishwa ndani ya jumba kubwa juu ya vigingi, imepakwa mafuta, inang'aa kama bibi arusi wa kuozeshwa kwa lazima.

Siku ya kumbukumbu ya kifo ilipofika, Pilrye hakuandaa nyumbani. Alipika alfajiri, wali wa bakuli sita, akafunga kwenye kitambaa, akapanda feri. Chilsung alimngoja gatini. Njia nzima Pilrye alikuwa akipanga maneno, maana safari hii hakuwa na la kumgombeza mtu. Alikuwa anakwenda kuomba radhi kwa yale yote aliyomsema mume wake kila mwaka mbele ya wali wake, mtu ambaye alivua kizibao cha pamba kwenye baridi ya dhoruba akaziba mashua.

Mlangoni askari akawazuia. Kijana mwenye adabu, akamwita Bibi. Akasema ndani chakula hakiruhusiwi, mafuta na mvuke vinaharibu mbao, ni amri. Chilsung akataka kugomba, Pilrye akamshika mkono. Akaweka furushi chini, pale watu wanapoacha miavuli, akaingia mikono mitupu.

Kipande kilikuwa ndani ya sanduku la kioo, kimenyooshwa, taa ndogo juu yake. Chilsung akamsomea mama yake ubao: kwamba hiki ni kipande cha nguo ya Tak Gwidong, mpishi, ambaye pamoja na wenzake watano, ambao majina yao hayakupatikana, waliiziba mashua kwa nguo zao katika dhoruba, wasirudi. Akausoma mara mbili. Watoto wa shule walikuwa wamejazana, wamebandika pua kwenye kioo, mwalimu wao anawaharakisha. Mmoja akauliza kama mle ndani kuna harufu.

Pilrye alisimama nyuma yao akingoja wapungue. Hawakupungua, nyuma yao walikuja wengine. Maneno yote aliyoyapanga kwenye feri yakamkwama, maana mtu hamwombi radhi mumewe mbele za watu, wanapiga picha. Akasogea, akagusa kioo kwa vidole.

"Umekonda, baba Chilsung," akasema.

Askari akamwomba kwa upole asiguse. Wakatoka. Wali ulikuwa umepoa mlangoni, katikati ya miavuli inayochuruzika maji, na mtu mmoja alikuwa ameusogeza kwa mguu apate nafasi ya wake. Chilsung akasema wakale basi kwenye feri, ni chakula kizuri, wasikitupe. Pilrye akatikisa kichwa. Kwetu walio hai hula baada ya marehemu, na siku ile Gwidong hakula.